Shitingi ya Mama Iliingia Darasani

Nafundisha mekanika na vifaa vya kompoziti kwa wanafunzi wa uinjinia hapa Goma. Kompoziti ni kitu kilichoundwa kwa vitu viwili au zaidi vinavyosaidiana: nyuzi zinabeba uzito, na kitu kingine kinazishika pamoja na kuzigawia uzito huo. Kila mwaka nilikuwa naanza na ndege ya Boeing 787, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni kompoziti. Wanafunzi wanaandika, wanakariri, wanafanya mtihani. Mashine ya kuvuta vipande ili kupima nguvu zao hatuna.

Mwaka 2024, siku moja ya mvua, kijana mmoja alifika amechelewa, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa akiishi na mama yake Bulengo, kambi ya wakimbizi wa vita, magharibi mwa mji. Nikamkemea. Akatoa mfukoni kipande cha shitingi, ile bashi nyeupe wanayopewa wakimbizi, akaniuliza: «Mwalimu, hii nayo si kompoziti? Mbona inapasukia kila mara kwenye kamba?»

Tuliikwangua kwa wembe. Ndani kuna nyuzi za plastiki nyeusi zilizosukwa kama mkeka, na juu na chini zimefunikwa na plastiki laini. Kompoziti kabisa! Na mimi nilikuwa napita mbele ya shitingi hizo kila wiki, nikienda kufundisha ndege.

Boeing tukaiacha. Tulikata vipande viwili vya upana wa kiganja. Cha kwanza tukakitoboa kwa msumari na kupitisha kamba kwenye tundu, jinsi wengi wanavyofunga, kisha tukaning'iniza bidoni la lita 20 na kumimina maji polepole. Kikapasuka hata nusu haijafika. Cha pili hatukukitoboa: tulifungia kijiwe ndani yake na kukaza kamba nyuma ya kijiwe, kama mtu anayefunga shingo ya mfuko. Bidoni likajaa, kikashika.

Sababu ni hii. Msumari unakata nyuzi, halafu kamba inavuta zile chache tu zilizobaki ukingoni mwa tundu. Hizo zikikatika, mzigo unarukia zinazofuata, na usiku wa upepo shitingi nzima inakwenda hivyo. Kijiwe kinagawa mzigo kwa nyuzi nyingi mara moja.

Kijana alipomwonyesha mama yake, mama akacheka. «Mwanangu, mawe yetu ya volkano yana meno, yatakata shitingi. Jiwe livikeni kwanza kitambaa.» Alikuwa na haki. Nilisoma miaka mingi, hilo hakuna aliyeniambia.

Jua nalo ni adui. Plastiki ya juu ikianza kumeguka ukiikwangua kwa ukucha, shitingi imezeeka. Usiikaze sana, na uiweke ukutani badala ya juu ya nyumba.

Mwezi wa pili 2025 kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa. Mama alikunja shitingi yake, na wote wawili wakashika njia ya Masisi. Mazoezi ya kijana nimeshayasahihisha: pointi 17 kwa 20. Mtihani wa mwisho bado hajaufanya.