Barua Kutoka Kasenyi

Kasenyi, Ituri

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka ukingoni mwa Ziwa Albert. Nimeshuka kutoka Bunia kwa pikipiki, kupitia Bogoro, mpaka barabara ikaishia majini. Ufukweni akina mama wanapasua samaki na kuwatia chumvi. Ng'ambo ni Uganda. Mwaka 2018 maelfu ya watu wa mwambao huu walivuka huko kwa mitumbwi, wakikimbia mauaji.

Nikiwaza vita vya huku, nimelikumbuka swali lako: nani alianzisha mipango ya nchi kubadilishana wasomi? Jibu moja limetoka vitani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tume iliyoongozwa na Mmarekani Herbert Hoover iliwalisha Wabelgiji ambao nchi yao ilikaliwa na Wajerumani. Vita vilipokwisha, fedha zilibaki. Mwaka 1920 sehemu yake ikawekwa katika mfuko wa kuwasomesha Wabelgiji Marekani na Wamarekani Ubelgiji. Mwaka 1946 Seneta William Fulbright naye akapitisha sheria: mali za jeshi la Marekani zilizobaki ng'ambo ziuzwe, fedha zigharamie wasomi.

Lakini Kongo, koloni la Ubelgiji huohuo, haikuonja neema ile. Chuo kikuu chake cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954, miaka 34 baada ya mfuko ule kuanzishwa. Thomas Kanza, Mkongomani wa kwanza asiye padre kupata shahada ya chuo kikuu, alihitimu Leuven mwaka 1956. Uhuru ulipofika mwaka 1960, wahitimu walikuwa wa kuhesabika. Kule Kenya, mwanasiasa Tom Mboya hakumngoja mkoloni: mwaka 1959 ndege iliondoka na vijana 81 kwenda kusoma Marekani.

Fundisho ninaloliona ni hili: masalio ya vita yanaweza kuzaa elimu, lakini asiyekuwepo yanapogawanywa hapati kitu. Ituri imelipia vita kwa damu. Isikose fungu lake.

Tangu mwaka 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa Bunia na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, wanachangia ziwa moja, samaki walewale, na Kiswahili kinachovuka mpaka. Wewe ni mhadhiri huko. Ukikaa na wakuu wako, omba nafasi mbili tu: moja kijana wa Bunia aje kwenu, nyingine mmoja wenu aje huku. Mitumbwi iliyovusha wakimbizi ivushe na wanafunzi.

Kaka yako