Taa Ijaribiwe kwa Volti Ngapi?

Usiku usio na mbalamwezi, mtu asimamaye Mbita katika Homa Bay, au Muhuru katika Migori, huliona ziwa limetapakaa nuru. Ni taa za wavuvi wa omena. Zamani karabai zilitawala. Siku hizi ziko pia taa za LED zipatazo nguvu katika betri ya volti 12.

Ukiunda taa kama hiyo, utaijaribu kwa volti ngapi? Mimi husema kuwa jina la betri si kipimo chake. Betri ya risasi na asidi iliyojaa hutoa volti 12.7 hivi, ikikaribia kwisha hushuka chini ya 12, na inapochajiwa huweza kupanda hata 14.4.

Fanya hesabu. Vijitaa vitatu vyeupe vilivyofuatana hutumia volti 9 hivi. Katika volti 12 zinabaki 3. Kwa rezista ya omu 150, mkondo ni miliampea 20. Katika volti 14.4 zinabaki 5.4, na mkondo hufika 36. Volti zimezidi kwa sehemu moja ya tano tu, lakini mkondo umekaribia kuwa maradufu, na joto lake hufupisha maisha ya kijitaa.

Basi ijaribu taa yako kwa volti 11, kwa 12, na kwa 14.4. Ikizimika mezani, utaitengeneza; ikizimika ziwani, mvuvi atarudi mikono mitupu. Chombo na kipimwe kwa shida kitakazokutana nazo, wala si kwa raha ya fundi.