Chungu cha Mninga

Akerezaye chungu cha mti hukata asichokiona: patasi imezama shingoni, jicho limebaki nje. “Sikiliza,” fundi aliniambia. Ukuta mnene huvuma. Ukipungua, sauti hupanda. Kipande changu cha mninga nilikikereza kikiwa kibichi, nikaacha ukuta mnene, nikangoja miezi minane kikauke bila kupasuka, ndipo nikakirudisha kwenye keezo. Sauti ilikuwa imekwisha kupanda, nami, kwa tamaa ya wepesi, nikakata mara moja zaidi. Patasi ikatokea ubavuni!

Fundi hakunikemea. Alinipa msasa nilainishe kingo za tundu, kisha mafuta ya kitani. Chungu hicho nilikuwa nimemwahidi mama. Amekiweka sebuleni, tundu limeelekea mlangoni, na kila mgeni huonyeshwa.