Njoo kwa Treni, Mjukuu Wangu

Kibokoni, Mombasa

Mjukuu wangu,

Sisi hatujambo, mguu wa bibi yako umepata nafuu, na harusi ya binamu yako ni Desemba kama ulivyoambiwa.

Kilichonishikisha kalamu ni habari aliyoileta shangazi yako, kwamba umechukua mkopo wa sako ukodi gari kubwa huko Nairobi, uteremke nalo na mkeo na watoto. Nilimwambia arudie. Mkopo, kwa gari la likizo?

Ami yako wa Voi alifanya hayo hayo. Alikodi gari, akaweka amana, akatia sahihi karatasi asizozisoma. Akatoka Nairobi baada ya isha, eti akwepe msongamano wa Mlolongo. Karibu na Mtito Andei trela lilikuwa limeharibika, limeachwa papo hapo barabarani, taa hakuna, limetandikiwa matawi ya miti tu nyuma. Aliyaona matawi keshafika. Mungu alimnusuru, akavunjika mkono. Kisha wakaja wenye gari. Bima haikubeba hasara yote. Iliyobaki ni juu yake, na kila siku gari lililolala gereji ni juu yake. Amana ikaliwa. Kikauzwa kiwanja, kile nilichokinunua kwa mshahara wangu wa reli nikamwandikia yeye. Mimi sikuambiwa mpaka mnunuzi alipochimba msingi. Bado linaniuma.

Na hilo gari ukifika utaliweka wapi? Vichochoro vya Kibokoni unavijua, mkokoteni ukipita mtu hujibana ukutani. Utalilaza mbali, umlipe mlinzi, nawe uje kwetu kwa tuktuk.

Panda treni ya SGR. Mimi nimeitumikia reli ile ya zamani, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu 1901, na tangu hii mpya ianze 2017 hakuna anayetukumbuka sisi tuliolala stesheni za porini. Hata hivyo naisifu. Chukua ile ya asubuhi inayosimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi, watoto waione Tsavo mchana. Huenda wakaona ndovu. Watoto wako hulipa nusu. Fika stesheni ya Syokimau mapema, mizigo hukaguliwa. Usisahau kitambulisho.

Mkishuka stesheni ya Miritini kuna matatu hadi mjini. Mkitaka Diani, vukeni Likoni kwa feri, mwenda kwa miguu halipi, halafu mpande matatu hadi Ukunda. Mkeo asibebe masanduku makubwa.

Nasikia unataka watu wa harusini wakuone umefika. Baba yako alifika na mkoba mmoja, na mtaa mzima ulimpokea.

Hizo pesa zirudishe sako kabla hazijaguswa. Tiketi za Desemba huisha upesi. Shangazi yako atakupigia kesho umwambie ni viti vingapi.

Babu yako