Hosteli ya Wanachuo Mbezi Beach: Laptopu Imepotea, Wa Kwanza Kuitwa ni Dada wa Usafi!

Maisha ya hosteli mnayaona sana mtandaoni. Bethidei za saa sita usiku, watu wanacheza kwenye korido, mtu anachemsha tambi kwa jiko la umeme ambalo limekatazwa. Ila yule anayepita nyuma na ndoo na dekio hamumuoni. Na huko nyuma ndo kwenye filamu yenyewe.

Kwanza tuwekane sawa. Vyuo vya Dar vina wanafunzi wengi kuliko vitanda. Mwezi wa nne 2017 hayati Rais Magufuli alifungua hosteli mpya pale Mlimani, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, na bado watu wakaendelea kubebana, yaani kitanda cha mmoja wanalala wawili. Ndo maana hosteli za watu binafsi zimejaa kuanzia Sinza, Savei, Makongo mpaka Mbezi Beach. Mwenye nyumba anaona hela, mwanachuo anaona kitanda. Anayefanya kazi humo ndani nani anamuona?

Sasa kuna hosteli moja, ukishukia Tangi Bovu unaelekea upande wa baharini. Jina liachwe. Ina ghorofa tatu, matroni mmoja, dada wa ofisini anayepokea kodi, madada wawili wa usafi na babu wa getini. Matroni na dada wa ofisini wameajiriwa na mwenye hosteli. Wa usafi na babu wameletwa na kampuni. Hapo tayari ni matabaka mawili. Saa nne asubuhi ofisini kuna chai ya maziwa na chapati. Wa kampuni wanakunywa yao ya rangi chini ya ngazi, pembeni ya pampu ya maji. Grupu la WhatsApp la wafanyakazi lipo, linaitwa familia kabisa, ila madada wa usafi hawamo. Familia gani hiyo?

Mmoja wa hao madada anatoka Mbagala. Saa kumi alfajiri yuko kituoni, anaunganisha magari, saa moja ameshashika dekio. Wanachuo wanamwita "dada" tu, mwaka wa pili huu hawajui jina lake. Ila ndiye anayejua nani hajala siku mbili, nani analia usiku, na nani ana mgeni ambaye hajaandikwa kwenye daftari.

Basi bwana, bumu likatoka. Mnajua bumu likitoka hosteli inavyokuwa, chipsi kuku mpaka kwenye ngazi. Wiki hiyohiyo ghorofa ya pili laptopu ikapotea. Kikao hakikukaa, getini hakuulizwa mtu. Akaitwa dada wa usafi, kisa ana funguo.

"Wewe dada, umeingia chumba hiki jana?" matroni akamuuliza.

"Nimeingia mama, nimepiga deki nikatoka."

Mkoba wake ukamwagwa kwenye kibaraza, wanachuo wamesimama wanatazama, wengine simu ziko juu. Ikatoka kanga, kitambulisho cha mpiga kura, dawa za mtoto na nauli ya kurudia. Laptopu ya kuingia kwenye kimkoba kile? Hakuna aliyejiuliza. Akaambiwa thamani ni laki nane na nusu, atakatwa kidogokidogo kwenye mshahara mpaka iishe.

Sasa sikia utamu, ambao kwa kweli ni uchungu. Babu wa getini alikuwa anajua. Usiku wa jana yake alimuona mshkaji aliyekuwa anabebwa chumba hichohicho anatoka na begi mgongoni, haraka haraka. Akanyamaza. Kwa sababu akisema, ataulizwa yule mgeni aliingiaje, na jibu ni buku alilopewa afungue geti. Matroni naye alijua chumba kile kinabeba watu, akanyamaza, maana anaogopa mwenye nyumba. Dada wa ofisini akanyamaza kwa kuwa hayamhusu. Yule mwenzake wa usafi akanyamaza akiogopa kufuatia yeye. Watu wanne, kila mmoja ana sababu yake nzuri tu, na mzigo wote kabebeshwa mtu mmoja.

Siku ya tatu babu akashindwa. Dada wa watu alimpelekea chai chini ya ngazi kama kawaida yake, "baba, karibu chai," wala hakununa. Babu akaweka kikombe chini, akaenda ofisini akasema yote, mpaka habari ya buku. Mshkaji akapigiwa simu, akakiri: mkeka ulichanika, laptopu ameiweka bondi Mwenge. Ikarudi jioni hiyohiyo.

Kwenye grupu la familia ikaandikwa tunamshukuru Mungu imepatikana, na vikono vya sala vitano. Babu akahamishiwa lindo la Bunju. Mwenye laptopu, tumpe haki yake, alimfuata dada na soda, akamwambia pembeni, "Dada, samahani." Akajibiwa, "Haya mdogo wangu." Yakaisha.

Yameisha kweli? Mkoba ulimwagwa hadharani, samahani imetolewa pembeni. Waliorekodi hawajui mwisho wake. Siku hizi dada haingii chumbani kama mwenyewe hayupo. Anagonga, anasubiri, mlango anauacha wazi. Salamu anajibu, ila stori zimekufa.

Na kwa wanaofanya kazi kama hizi, lijueni hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mtu akatwe mshahara kwa hasara kihivihivi. Lazima hasara itokane na kosa lako kazini, uandikiwe sababu na hesabu yake, upewe nafasi ya kupinga, ukubali kwa maandishi, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Ukionewa kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila usikae sana: waliofukuzwa wana siku 30 za kufungua lalamiko, migogoro mingine siku 60.

Tatizo ni kwamba sheria haimwagiwi chai. Kazi inakuwa na amani pale kitu kinapopotea na angalau mmoja anasema "ngojeni kwanza." Pale Mbezi Beach aliyesema ni babu, amechelewa siku tatu, na ndiye aliyehamishwa.

Haya wadau, ungekuwa wewe ndo babu, ungesema siku ya kwanza? Na wewe uliyerekodi ule mkoba, ile video ushaifuta?