Mpe Mzee Dakika, Usimpe Ushindi

Ukiwaona watu wawili wakisukuma kete za sataranji upesi upesi huku wakibamiza saa kwa viganja, usidhani kuna ugomvi. Huo ni mchezo wa dakika tano. Kila mmoja hupewa dakika zake za mchezo mzima. Akishasogeza kete hubonyeza saa, yake ikasimama na ya mwenzake ikaanza kukimbia. Ukiishiwa na dakika umeshindwa, hata kama ulikuwa ukielekea kumfunga mfalme.

Hapa Kisumu mimi huucheza na watu wa kila aina. Yuko mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno ambaye hunipangusa kama vumbi. Yuko wakili mmoja mwenye ofisi karibu na Barabara ya Oginga Odinga. Huyo tunatoshana nguvu: leo yeye, kesho mimi. Halafu yuko baba yangu, mwalimu mstaafu anayeishi upande wa Dunga. Yeye ndiye aliyenifunza mchezo wenyewe, lakini siku hizi macho na mikono yake vimepungua kasi.

Tofauti za uwezo hazifichiki katika sataranji. Profesa mmoja wa fizikia huko Marekani, Arpad Elo, alibuni hesabu ya kuzipima, na shirikisho la dunia la mchezo huu, FIDE, likaanza kuitumia mwaka 1970. Kwa hesabu hiyo, anayekuzidi pointi 200 hutarajiwa kuzoa takribani robo tatu ya alama mkicheza mara nyingi. Akikuzidi 400, wewe utaambulia kama alama moja katika kumi na moja.

Je, mtoto afanye nini anapomzidi mzazi wake kiasi hicho? Ndugu yangu mdogo alidhani anajua jibu. Jioni moja alimwachia Baba malkia wake makusudi. Mzee aliutazama ubao, akakusanya kete zote na kuzirudisha sandukuni.

"Mwanangu," akasema, "ukitaka kunipa kitu, niletee ngege. Ushindi nitautafuta mwenyewe."

Kwa majuma kadhaa sanduku lile halikufunguliwa. Mama alituambia kwamba mzee anashinda kitini akitazama ziwa, haongei na mtu. Hapo ndipo nilipomwendea na shauri ambalo wachezaji wa saa wanalijua sana: yeye achukue dakika tano, mimi nichukue mbili, na kila mtu acheze kwa nguvu zake zote. Baba alifikiri, kisha akaitegesha saa kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu siku hiyo tunacheza. Mara nyingi mimi hushinda. Lakini kuna jioni ambapo saa yangu huishiwa nikiwa bado natafuta njia, na hapo mzee humwita Mama aje aone. Ushindi huo ni wake halali, hakuna aliyemwonea huruma. Nami yule kijana wa Maseno hunitendea vivyo hivyo: yeye dakika moja, mimi tano. Bado hunifunga, ila sasa hutokwa na jasho.

Msomaji, usimdharau mpinzani kwa umri wala kwa uwezo. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, aliyekuja kuiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji, alionyeshwa mchezo huo mwanzoni na msichana mdogo kuliko yeye. Aliye juu yako atakufundisha, unayelingana naye atakupima, naye aliye chini yako ana haki ya kupambana nawe kwa kweli.

Basi nyumbani kwako, iwe ni sataranji, drafti au ajua, usimdanganye mtoto wala mzee kwa kujiangusha. Jipunguzie dakika, au jiondolee kete moja kabla ya kuanza, naye akiona wazi. Kisha cheza kikwelikweli. Akikushinda, mpe mkono.