Joto la Ardhi na Amana ya Majirani

Kikundi chetu kina kaya kumi na nane, nami ndimi mwekahazina wake. Tunaishi katika miinuko ya Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako mvuke hufuka ardhini wenyewe ilhali baridi ya usiku hupenya hadi mifupani. Kwa miaka miwili tumekuwa tukiweka akiba ili tujenge kitalu nyumba cha nyanya kitakachopashwa moto kwa jotoardhi. Katika fedha hizo zimo za mjane aliyeuza mbuzi wake wawili. Kwa hiyo kila mchoro unapoletwa mbele yetu, huuliza kwanza utamfaa nini mama yule.

Wazo lenyewe si geni. Huko Eburru, karibu na Ziwa Naivasha, wakazi huutega mvuke kwa mabomba, ukapoa na kuwapa maji ya nyumbani. Kando ya ziwa hilohilo, shamba la maua la Oserian lilitumia jotoardhi kupasha moto mabanda yenye ukubwa wa hekta 50. Nako Menengai, kampuni ya Serikali ya kuendeleza jotoardhi ilijenga kitalu nyumba cha mfano, pamoja na mabwawa ya samaki na mtambo wa kuchemshia maziwa.

Faida kubwa ya joto hilo hupatikana usiku. Hewa inapopoa, unyevu hutua juu ya majani, na hapo ukungu hupata mlango. Maji ya moto yakipita katika mabomba kati ya matuta, majani hubaki makavu na gharama ya dawa hupungua.

Lakini maji yatokayo chini aghalabu hubeba madini yanayodhuru mimea na kuziba mabomba. Kwa hiyo hayamwagiliwi shambani. Hupitishwa katika chombo chenye mabamba membamba ya chuma: upande mmoja maji ya kisima, upande wa pili maji safi, yakipeana joto pasipo kuchanganyika.

Mchoro wa kwanza ulipitisha bomba moja tuta baada ya tuta. Niliupinga. Mwenye tuta la mwanzo angepata moto, na wa mwisho angepata uvuguvugu, hata kama wote wamechanga sawa. Sasa tumekubaliana kuwa na bomba kuu lenye matawi, kila tawi na vali yake, na joto litakalosalia liende kwenye miche, ambayo ni mali ya wote.

Jambo moja bado linatugawanya. Mimi nataka tupunguze urefu wa banda ili tununue pampu ya akiba, kwani usiku mmoja wa baridi bila pampu waweza kuangamiza kazi ya msimu mzima. Wenzangu wanaona ni woga wa mtunza fedha. Aidha, kwa Sheria ya Nishati ya 2019, jotoardhi lililo chini ya ardhi ni mali ya Serikali, hivyo sitatoa hata shilingi kabla ya kibali kupatikana kwa maandishi.

Ndugu msomaji, ukialikwa katika mradi wa namna hii, usiulize tu kisima kina moto kiasi gani. Uliza pia ni nani atakayeamka usiku wa manane kukagua pampu, na ujira wake utatoka wapi.